Muhula wa Kumlipa Magdaline

Jumatatu, 9 Septemba 1974

Mwalimu Athman ametuagiza sisi wa kidato cha nne tuandike shajara muhula huu wote wa mwisho. Ati tuitazame nyuma miaka yetu minne hapa Kianderi, na ati mtu akiandika Kiswahili kila siku mtihani utamwogopa. Ameapa kwamba hatazisoma. Haya basi, mwalimu, kwa kuwa hutasoma nitasema kweli tupu. Nimerudi shule kwa mambo mawili: kufanya mtihani na kumlipa Magdaline Nderitu. Mtihani ni wa baba yangu. Magdaline ni wangu mwenyewe.

10 Septemba

Baridi. Uji ulikuwa maji matupu. Magdaline, kiranja mkuu wetu, amenipita mlangoni akasema, "Kura, usisukume watu." Sikuwa nimemsukuma mtu.

12 Septemba

Jina langu si Kura. Mimi ni Wakonyo wa Theuri, wa kutoka Othaya. Siku ya kwanza ya kidato cha kwanza nilisimama kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi, na mpishi akaniuliza kwa Kiswahili nataka nini. Kiswahili changu kilikuwa kile cha redio ya jirani. Nikajibu kwa sauti, maana mama alinifundisha nisiongee kama mgonjwa, "Nimekuja kura!"

Nilitaka kusema kula. Lakini sisi Wakikuyu herufi L hutukataa, ukiituma kutoka mdomoni inafika nje imekuwa R. Nusu ya ile foleni wangesema vilevile. Magdaline yeye alikulia mjini Nyeri, akacheza na watoto wa Majengo, Kiswahili chake kimenyooka. Alikuwa mbele yangu. Akageuka na sahani yake. "Wasichana! Huyu amekuja kura! Nani anagombea?" Foleni ilicheka mpaka mpishi akagonga sufuria kwa mwiko.

Kuanzia siku hiyo mimi ni Kura, hata kwa walimu wawili. Wakonyo ni jina la nyanya yangu mzaa baba, na kwetu mtoto hupewa jina la nyanya ili nyanya aendelee kuitwa hata akifa. Miaka minne sasa nyanya yangu anaitwa wakati wa likizo tu.

14 Septemba, Jumamosi

Tumemaliza kufua, jua limetoka, nina nafasi ya kuandika habari ya mkate.

Tulipokuwa kidato cha pili mkate mmoja ulipotea stoo. Magdaline alikuwa kiranja wa chumba cha kulia. Mwalimu mkuu alipouliza nani angeweza kufanya hivyo, Magdaline alisema mbele ya watu wote, meno nje, "Labda Kura. Si yeye ndiye aliyekuja kula?" Ulikuwa mzaha. Lakini mwalimu mkuu hajui mzaha. Alifungua kabati langu akakuta makombo ya mkate niliokuwa nimeletewa na dada yangu siku ya kutembelewa. Magdaline aliujua mkate huo umetoka wapi, kwa sababu nilimkatia kipande akala. Alinyamaza kimya. Nikafukuzwa nikamlete mzazi.

Baba alikuja na koti lake la kanisani, kofia mkononi. Walimsimamisha mbele ya shule nzima asubuhi, kwa sababu mwalimu mkuu alitaka wengine wajifunze. Baba hajui Kiingereza, na aliona Kikuyu hakina heshima mbele ya walimu. Akajikaza kwa Kiswahili. "Warimu, mimi ni mukurima wa chai. Mutoto hangu hawezi iba. Hata kama ni kurara chini, arare, rakini asome."

Walianza kucheka mstari wa nyuma. Baba hakuelewa wanacheka nini, akatabasamu na yeye, akaendelea kusema "arare, arare" kama mtu anayefikiri hajasikika.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa tamasha la mabweni. Magdaline aliazima koti la mlinzi na kofia, akapanda jukwaani, akainama. "Hata kama ni kurara chini, arare!" Walimu walifuta machozi kwa kucheka. Mimi nilikuwa katikati ya ukumbi, wasichana wote wamenigeukia waone nitafanya nini, na nikacheka na mimi. Hilo ndilo sitamsamehe. Alinifanya nimcheke baba yangu.

15 Septemba

Mwizi wa mkate alipatikana baadaye, alikuwa msaidizi wa jikoni. Hakuna aliyemwita baba arudi aambiwe pole.

20 Septemba

Nafanya mazoezi na Mwanaisha. Yeye ni bintiye Shariff mwenye duka la vitambaa Nyeri mjini, kitanda chake kiko kando ya changu, na Kiswahili kwake ni maji ya kunywa. "Sema: kulala, kulalamika, kilele, mlolongo." Nasema. "Tena. Ulimi upeleke nyuma ya meno, usiuache unatetemeka." Nasema tena. Kisha namuuliza Kikuyu cha "ng'ombe mweupe" nimcheke na yeye, tuwe sawa.

27 Septemba

Leo kuna neno! Mwalimu mkuu ametangaza kwamba Siku ya Kuagana mwaka huu hotuba ya wanaomaliza itatolewa kwa Kiswahili, kwa vile hata Bunge sasa linazungumza Kiswahili, na ofisa wa elimu anakuja kusikiliza. Msemaji atachaguliwa na sisi wenyewe wa kidato cha nne. Atasimulia miaka minne ya darasa letu, halafu, kama ilivyo desturi ya Kianderi, atamwita mzazi mmoja anayemtaka aje mbele atoe shukrani kwa niaba ya wazazi wote.

Nimeketi kitandani nimeona kila kitu. Wazazi mbele, walimu pembeni, ofisa wa elimu kwenye kiti chenye mto, baba na koti lake. Na mimi nasimulia: habari ya mkate, habari ya koti la mlinzi, na jina la aliyelivaa. Kwa Kiswahili kilichonyooka, L zote mahali pake. Mungu si Athumani. Samahani, mwalimu.

1 Oktoba

Mvua ya kwanza. Waliokuwa wameanika soksi wamezipata kwenye matope.

2 Oktoba

Marafiki wa Magdaline wamempendekeza Magdaline. Mwanaisha amenipendekeza mimi. Watu wakacheka, naye akapanda juu ya dawati. "Chekeni! Nchi nzima mwezi huu inatafuta kura, sisi tunaye hapa hapa, anaosha sahani. Kura zote kwa Kura!" Walicheka tena, lakini kicheko kilikuwa kimegeuka upande.

3 Oktoba

Hata wapishi wanaimba. Kura zote kwa Kura. Magdaline amenuna, na akinuna pua inamwongezeka. Baada ya chakula Murugi, ambaye hasemi na mtu, amenivuta pembeni akaninong'oneza, "Mimi aliniita Rori miaka mitatu. Kwa sababu nilisema tulikuja na rori." Nikamuuliza, "Na wengine?" Akanihesabia kwenye vidole. Kumbe tuko wengi! Kumbe kila mmoja wetu alikuwa anawacheka wengine asichekwe yeye.

4 Oktoba

Tumepiga kura kwa mkebe wa majani ya chai. Punje ya mahindi kwa Magdaline, haragwe kwangu mimi. Mwalimu Athman alimwaga mezani. Wee! Maharagwe yalijaa kama ya kupika. Magdaline alinipa mkono mbele ya mwalimu, akasema "Hongera, Kura," na mimi nikamwambia, "Asante sana. Njoo usikilize." Akaniangalia kidogo. Nadhani hapo ndipo alipoelewa.

14 Oktoba

Nchi inapiga kura leo. Walimu wameenda, sisi tumelimishwa bustani.

19 Oktoba, Karatina kwa shangazi

Leo hata mwandiko nauona si wangu.

Tumepewa mapumziko ya katikati ya muhula, na mimi nimekuja kwa shangazi. Asubuhi alinituma soko kununua viazi. Nilikuwa nimevaa sweta ya shule kwa ajili ya baridi. Mama mmoja muuzaji, kitambaa cha kijani kichwani, alikuwa anapanga viazi vyake vilima vilima, akaona ile beji. Akaacha viazi.

"Wewe unasoma Kianderi?"

"Ndiyo, mama."

"Unajua musichana hangu? Wangechi? Ako fomu foo."

Nikamwambia hatuna Wangechi kidato cha nne. Akacheka, akajipiga paja. "Ngai, nimesahau. Huko shure anaitwa Magudarina. Magudarina Nderitu."

Nilimtazama yule mama. Pua ni ile ile. Sisi wote tunamjua mama yake Magdaline: ni nesi wa Nyeri mjini, huja siku za kutembelewa na mkoba wa ngozi na kuongea Kiingereza na walimu. Nikauliza polepole, "Na yule nesi?"

"Huyo ni shangazi yake, dada ya marehemu bwanangu. Arimuchukua kutoka akiwa mudogo asome mujini. Mimi sijawai fika hiyo shure. Wangechi ariniambia muzazi hasiyejua Kizungu anarudishwa kwa geti." Alisema bila uchungu, kama mtu anayekuambia barabara imefungwa.

Haki ya Mungu, nilitaka kuruka juu. Miaka minne! Miaka minne msichana huyu ananicheka mimi, anamcheka baba, na mama yake mzazi yuko Karatina anasema "shure" na "muchukua" na "rakini"! Mkuki kwa nguruwe mtamu. Na mimi nina haki ya kumwita mzazi yeyote ninayemtaka.

Nikamwambia, sauti tamu kama ya mtoto wa Sunday School, kwamba Siku ya Kuagana wazazi wote wanaruhusiwa, hata wasiojua Kizungu. Ni Jumamosi, tarehe thelathini Novemba. Mimi ndiye msemaji, nitamwekea kiti mstari wa mbele. "Lakini usimwambie Wangechi, mama. Iwe furaha ya ghafla."

 Akafuta mikono kwenye leso. "Nisimwambie?"

"Usimwambie."

"Haya," akasema. Akaniongezea viazi vitatu vikubwa juu ya vile nilivyonunua.

22 Oktoba

Nimemwambia Mwanaisha. Nilidhani atacheka. Amekaa kitandani akanitazama kama nimetapika.

"Msimulie Magdaline ukumbini, mtaje jina, mvue nguo, mimi nitapiga makofi. Lakini mama yake amekukosea nini?"

"Sitamfanyia lolote. Nitamwita tu aseme asante."

"Wakonyo." Yeye peke yake huniita hivyo. "Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo."

Nikamwambia kwamba baba yangu pia hakuwemo, na aliingia. Akavuta blanketi, akageukia ukutani.

28 Oktoba

Mvua. Mwanaisha hataki tena mazoezi. Nimefanya peke yangu bafuni. Kilele, mlolongo, lawama.

6 Novemba

Mtihani umeanza. Hesabu ilikuwa mbaya.

9 Novemba

Mvua mpaka njia ya choo imekuwa mto. Nimeandika hotuba upya. Ile habari ya mkate nimeitoa, na ya koti pia. Sizihitaji. Nitasimulia miaka minne kwa upole, nitamsifu kiranja wetu mkuu, nitasema jinsi alivyotufundisha sote kutamka vizuri. Halafu nitamwita mama yake.

13 Novemba

Kabla ya karatasi ya historia kalamu yangu iligoma. Magdaline alikuwa dawati la nyuma, akanisukumia yake ya pili. Sikuitaka lakini nilikuwa nimekwama. Tulipotoka alinifuata hadi kwenye mabomba ya maji.

"Kura, watu wanasema utanitaja kwenye hotuba."

Nikanawa mikono.

"Yale mambo ya baba yako," akasema, "tulikuwa watoto."

"Baba yangu hakuwa mtoto."

 Mvua ilikuwa inamnyeshea begani na hakusogea. Kisha akasema, sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Nakuomba. Shanga... mama yangu atakuwepo. Na ofisa wa elimu. Nimeomba nafasi ya chuo cha ualimu kwake."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimemwandalia maneno mazuri. Akanishukuru! Akanishika mkono kwa mikono yote miwili akanishukuru. Nimerudi bwenini nimekasirika kuliko nilivyoondoka. Angenitukana ningejua la kufanya. Kalamu yake nimemrudishia kwa mkono wa Murugi.

20 Novemba

Mtihani umekwisha. Wasichana wameimba mpaka sauti zikakauka. Nimekaa nje nikautazama mlima, ulikuwa wazi mpaka theluji, jambo la nadra mwezi huu. Nilijaribu kukumbuka jambo moja zuri la miaka minne ambalo Magdaline hakuligusa. Nimekumbuka siku tulipopanda miti na Mwanaisha akaanguka shimoni, tukacheka mpaka tukashindwa kumtoa. Basi kuna moja.

27 Novemba

Mwanaisha ameniuliza, "Bado?" Nikamwambia bado. Akasema, "Baba yako utamkalisha wapi?" Nikamwambia mstari wa mbele, pale pale, aone. Akasema, "Aone nini, Wakonyo?" Nikamwambia aniache nilale. Nitalala vizuri Jumamosi.

1 Desemba, Jumapili, nyumbani Othaya

Niandike ya jana yote, na nisiruke kitu.

Mvua ilikatika asubuhi. Ukumbi ulijaa. Baba alikuja mapema, koti limepigwa pasi, akakaa alipoambiwa. Nesi alikuja na mkoba wake. Na saa ya kuanza ikikaribia, yule mama wa Karatina aliingia mlangoni amevaa nguo ya kanisani ya buluu, viatu vya kuazima, nilivijua kwa jinsi alivyovitembelea. Nilimwongoza mwenyewe mstari wa mbele. Kiti kilikuwa kati ya baba na nesi. Nesi alimwona, akashika mkoba kwa nguvu, wakasalimiana bila kugeuza shingo.

Magdaline alikuwa jukwaani na viranja wengine. Alipomwona, uso wake ulikwisha. Sina neno jingine. Nilikuwa nimeungoja uso huo miaka miwili na nusu, na nitasema kweli, ulikuwa mtamu. 

Nikatoa hotuba. Hakuna L hata moja iliyonitoroka. Ofisa wa elimu aliinamisha kichwa kusikiliza. Nilisimulia foleni, baridi, miti, kura ya maharagwe, wakacheka mahali pa kucheka. Nikamsifu kiranja wetu mkuu. "Kama kuna mmoja wetu anayejua thamani ya Kiswahili safi," nikasema, "ni yeye. Alitusahihisha sote, na wazazi wetu pia. Kwa hiyo atakayetoa shukrani kwa niaba ya wazazi ni mzazi wake. Namwita mama yake Magdaline Nderitu."

Nesi akaanza kuinuka, maana ndivyo alivyozoea. Nikasema, "Si wewe, mama. Huyu wa karibu na wewe."

 Yule mama akainuka. Alikuwa anatabasamu, na kabla ya kusema neno alimtazama binti yake. Mimi nilikuwa kati yao, niliona. Magdaline alitikisa kichwa. Kidogo tu, kama mtu anayemfukuza nzi bila mikono. Hapana.

Tabasamu la mama halikuondoka. Lilibaki pale pale, lakini yeye akawa ametoka nyuma yake. Akamgeukia mwalimu mkuu.

"Mwarimu, munisamehe. Huyu musichana amekosea. Mimi si mama ya Magudarina. Mimi ni wa kureta viazi tu kwa nyumba yao. Mama yake ni huyu nesi."

Walicheka. Mstari wa nyuma ulianza, kama kawaida yao, "Magudarina! Kureta!" kikaja kicheko mpaka mbele, nikawaona walimu wawili wameweka mikono mdomoni. Baba hakucheka. Baba alikuwa anaangalia kofia yake, akiizungusha magotini, na nilijua yuko wapi. Alikuwa amesimama tena pale mbele ya shule asubuhi ile, na safari hii ni mimi niliyempeleka.

Mama akanigeukia. "Ama si hivyo, mwanangu?"

Nilikuwa na ukweli mdomoni. Ningesema neno moja tu, "Unadanganya," na Magdaline angekwisha mbele ya ofisa wake. Miaka yote nilikuwa nalitafuta neno hilo. Lakini macho ya mama yalikuwa yananiomba, hayakuwa na aibu, yalikuwa na haraka tu, ya mtu anayetaka kumtoa mtoto motoni kabla watu hawajaona moshi.

"Ni hivyo, mama," nikasema. "Nimekosea. Munisamehe."

"Rakini kwa vire mumeniita," akasema yeye, "nitasema asante." Wakacheka tena. Akangoja wamalize. "Warimu, asante kwa watoto wote. Hawa wasichana wariingia hapa bira kujua kitu. Hata huyo Magudarina. Mumemufundisha. Mumemufundisha vizuri sana."

Walimpigia makofi. Magdaline naye alipiga. Nilimwona, mikono inagongana na uso umekauka, akimpigia makofi muuzaji viazi wa nyumbani kwao. Nikamchukia upya. Ile chuki ya zamani ilikuwa ya baba na mimi, hii ni nyingine, na sikuweza kuitenga na ile niliyokuwa nimeanza kujichukia mwenyewe.

Baada ya chai nesi aliondoka na Magdaline kwa gari la rafiki yake. Mwanaisha alinikumbatia langoni bila kusema "nilikwambia", na angekuwa na haki. Sisi tuliteremka kwa miguu kwenda barabarani, baba na sanduku langu begani, mimi na godoro kichwani, na mama wa Karatina ameshika viatu vyake mkononi kwa sababu ya matope. Waliongea Kikuyu yeye na baba. Kikuyu chake kilikuwa chepesi, kimejaa mafumbo, baba alicheka mara mbili kwa sauti ambayo sijaisikia tangu chai ipande bei. Nani angejua, kwa kumsikiliza ukumbini?

Tulipofika kwenye daraja akaniambia, bado kwa Kikuyu, "Mwanangu, uliniita kwa wema au kwa ubaya?"

Baba alisimama. Alihamisha sanduku bega la pili na kungoja jibu pamoja naye.

"Kwa ubaya," nikasema.

"Alikukosea?"

"Sana. Mimi na baba."

Akaitikia kwa kichwa. "Nilijua kuna jambo. Siku ile sokoni, uliponiambia nisimwambie, nilijua. Mtu akikualika kwa wema, haamuru ufiche."

 Baba hakunisaidia. Nikauliza, nikimwita mama kwa Kikuyu chetu, "Sasa mbona ulikuja, maitu? Kama ulijua?"

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu hula. Akapangusa tope kwenye kiatu kimoja kwa kidole gumba, polepole, kwa kuwa si vyake.

"Ningemwona lini tena akiwa shule?" akasema. "Kesho kutwa atakuwa mtu mzima, hatavaa sare. Nilitaka kumwona amekaa na wenzake, hata mara moja." Akaanza kutembea, halafu akageuka na uso umefunguka wote. "Na amekaa vizuri, sivyo? Umeona vile hiyo sweta imemkaa mabegani?"

"Nimeona, maitu," nikasema. "Imemkaa vizuri."